Jina Lililozamishwa Kinshasa

Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imekaa mtaa wote wa Katuba asubuhi ile, na Chanda alikuwa barazani anakunja nguo za wateja juu ya cherehani yake, baba yake alipotoka ndani na kofia mkononi.

Tangu Chanda ajue kusimama, Papa Chishimba alimsalimia kwa namna moja: "Mama, umelala muzuri?" Hakuwa anafanya mzaha. Binti huyo alipewa jina la kambo yake, mama mzazi wa baba yake, Chanda Marthe wa Lukafu. Alipewa lote, la nyumbani na la ubatizo. Na kwetu ukipewa jina la mufu umepewa mufu mwenyewe. Unakuwa majina yake, yaani somo wake, yeye mwenyewe aliyerudi. Ndiyo maana mzee mwenye mvi alimwita binti wa miaka ishirini na tatu "mama", na siku za sikukuu alimpa kiti chake.

Asubuhi ile Papa Chishimba alipita. Alipita karibu sana, shati lake likagusa mkono wa binti yake. Alifika kwenye mlango wa lupango, ule ua wa nyumba, akageuka, akaangalia barazani.

"Régine! Chanda eko wapi?"

"Shi ule pale mbele yako!" Mkewe alitoka na mwiko mkononi. "We baba, macho yako iko namna gani lelo?"

Papa Chishimba akafumba macho, akayafumbua. "Aa. Sikumuona." Alifungua mdomo amsalimie, na ulimi ukatafuta neno usilipate. Akavaa kofia. "Bon. Mubakie muzuri."

Akaenda zake. Chanda alikaa na suruali ya mtu mikononi. Alikuwa amesikia maneno ya baba yake kutoka mbali, kama mtu aliyezamisha kichwa katika beseni anavyosikia watu wa nje. Ndivyo alivyosikia kila kitu tangu Jumamosi iliyopita.

Jumamosi hiyo alikuwa anashona, anaongea na jirani yake Estelle habari ya mashono ya harusi, mara maji ya baridi yakamwingia puani. Kwa ghafla, pale kwenye kiti, mchana, juu ya udongo mkavu. Aliona giza, akasikia uzito juu ya uso, akataka kupumua akakuta maji. Estelle alimpiga mgongoni akilia. Kile Chanda alichotapika kilikuwa maji safi. Na tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu.

"Na hii pagne yako," mama yake alisema sasa, akainama, akashika upindo wa kitenge. "Juu ya nini iko na mayi? Mvua haiko. Robinet haina mayi tangu jana."

"Sijue, mama."

"Haujue. Na kule unaenda, unajua?"

"Karavia. Ruben alirudia, alitoka Kinshasa. Anataka tuonane."

Mama Régine akanyoosha mgongo polepole. "Ule kijana wa kitabu."

"Mama, Ruben eko na jina."

"Nilisikia jina. Ntumba, batu ya Kasai, baba yake eko anauzisha mbao. Hayo sina nayo matata, mukwe ni mukwe. Ila ile kitabu ya ba-Mormon! Nilimuuliza ile siku alikuya hapa kula bukari: baba, nani aliandikaka? Anasema batu ya zamani, juu ya sahani ya zahabu. Nikasema muzuri, zahabu iko wapi tuione? Anasema malaika alirudisha." Mama Régine alipiga makofi mara moja. "Malaika alirudisha! Basi fiancé wako naye arudishe kitabu kwa mwenyewe, kisha alete mahari."

Siku nyingine Chanda angecheka. Leo alisema tu: "Hayo njo ninaenda kumuuliza."

*

Ruben alichagua meza ya nje ya mkahawa, karibu na maji ya ziwa. Mchana ulikuwa mweupe, na maji ya Karavia yalikaa kimya bila mkunjo hata mmoja. Watu walikuwa wachache. Chanda alimwona kabla yeye hajamwona: shati jeupe, mabega mapana, mikono yenye makovu madogo ya moto, maana kazi yake mjini ni kutengeneza simu. Moyo wa Chanda, ambao kwa siku hizo ulikuwa umelala kama jiwe, uligeuka kidogo. Alikuwa anampenda. Nisiseme uongo hapa ili niwafurahishe wazazi: alimpenda kwa haki, na kijana alikuwa anapendeka.

Chanda akasimama mbele yake. Ruben aliendelea kuangalia barabara, juu ya bega lake.

"Ruben."

Akashtuka mpaka kiti kikalia. "Chérie! Nilikuwa nakuangalia kule... Ulipitia wapi?"

"Mbele yako."

Alimshika mikono yote miwili. Akaiangalia. "Uko baridi sana." Akaipeleka mdomoni, akapuliza kila kidole kama anavyopuliza vumbi ndani ya simu, taratibu. Chanda aliona midomo ile na pumzi ile. Joto halikumfikia.

"Nataka chai," alisema.

"Chai?" Ruben alitabasamu kwa aibu. Watu wa kanisa lake hawanywi chai wala kahawa.

"Ee, chai. Mi sijakuwa wa kanisa yako. Na niko na baridi ya ndani."

Mhudumu akaja, akapokea agizo kutoka kwa Ruben, akarudi na soda moja na glasi moja.

"Na ya madame?" Ruben aliuliza.

"Madame gani, patron?"

Yule mhudumu akageuza kichwa, akaona Chanda ameketi pale, akarudi nyuma hatua. "Pardon, mama, pardon! Nilizania patron eko peke yake." Akaondoka upesi, na hakurudi na chai.

"Wanaume ba hapa banalala kazini," Ruben alisema, akajaribu kucheka.

"Baba yangu naye alilala asubui?" Chanda alimwambia yaliyotokea nyumbani. Ruben alisikiliza, na rangi ya uso wake ikabadilika kidogo kidogo. Akauliza jambo lingine, kama mtu anayefunga mlango:

"Ile kitabu. Uliisoma vile nilikuomba?"

"Niliisoma. Kuko na pahali nililia, kabisa. Ule baba anaita batoto yake mbele ya kufa, anabaambia maneno moja moja. Nililia sana."

Macho ya Ruben yakawaka. "Na ulisali? Uliuliza Mungu kama ni ya kweli? Roho ilikuchoma?"

"Nilisali. Haikunichoma." Chanda aliweka kiganja kifuani. "Ilinipoa."

Ruben akarudisha mgongo kwenye kiti.

"Sasa miye njo nakuuliza," Chanda akasema. "Na unijibu kama Ruben, hapana kama katekisti. Client akikuya kwako na boîte tupu, anasema simu ilikuwa humu, batu baliiona, ila malaika aliichukua, we tengeneza tu, utafanya nini?"

"Nitamuambia arudie kwao." Alicheka licha ya hofu. "Unasema kama mama yako."

"Mama yangu eko na akili. Nani aliiona ile zahabu?"

"Mashahidi. Majina yao iko mwanzo ya kitabu."

"Rafiki ba ule mwenye kuileta, na ndugu zao. Na farasi? Na chuma? Banasema mule ya kwamba batu ya kule ng'ambo zamani balikuwa nabyo, na benye kuchimba udongo juu ya kutafuta bintu bya zamani banasema hapana. Uliniambia miye niulize Mungu. We uliuliza nani?"

Ruben alizungusha glasi. Aliangalia maji, akaacha kuyaangalia haraka.

"Niliuliza," akasema polepole. "Unazani mi sina kichwa? Nilifundishwa ya kwamba Joseph, nabii wetu mwenye kuleta kitabu, alisoma sahani kwa macho. Kisha nikasoma, na kanisa yenyewe haikatae, ya kwamba mara mingi alitia jiwe ndani ya chapeau, kofia yake, akatia uso mule, akasema maneno, mwingine akaandika. Sahani iko pembeni, imefunikwa na kitambaa. Nikauliza kwa darasa ya siku ya Mungu: kama hakuiangalia, sahani ilikuwa ya kazi gani? Balinijibu muzuri, hawakunikasirikia. Balisema: sali tena."

"Ukasali?"

"Nikasali. Mara mingine nasikia moto. Mara mingine nasikia njaa tu."

Wakacheka wote wawili, na kwa dakika hiyo walikuwa tena vijana wawili wanaopendana, magoti yakigusana chini ya meza.

"Basi acha," Chanda alisema kwa upole. "Tufunge ndoa kwa paroisse yetu, kwa padri. Baba atakubali."

"Siwezi kuacha, Chanda. Unajua. Mama yangu alikufaka, mi niko Kolwezi, nikafika kaburi imefungwa. Makanisa yote ilinambia: eko kwa Mungu, lia uache. Hao bijana babili ba cravate, bamisionari ba kanisa hii, njo balinambia: eko anakungojea. Ubatizwe, kisha mwanamuke mumoja abatizwe mahali yake, utamupata, familia haikatike. Musichana mumoja alishuka ndani ya mayi mbele yangu, bakatamka jina ya mama, akatoka. Ile siku njo nililala usingizi. Kama kitabu ni bongo, uongo mutupu, basi mama yangu eko wapi?"

Chanda alimpangusa machozi kwa kidole cha baridi, na Ruben akatetemeka alipoguswa.

"Na kwa hekalu ya Kinshasa mara hii ulienda kufanya nini?" Chanda aliuliza. "Mama yako alikwisha kubatizwa."

Hapo Ruben akaondoa mkono wake mezani.

"Nilitaka kukufurahisha. Ilikuwa cadeau. Ningekuambia siku ya mahari."

"Sema."

"Ulinipatia habari ya kambo yako. Unakumbuka? Tulikaa pale kwa Estelle, ukaniambia vile alikuwa nalima Lukafu, mwaka wake, baba yake, kijiji. Nilikuwa naona vile unamupenda. Nikasema mu moyo: huyu naye asibakie inje. Kanisa balituambia tulete batu ya familia yetu tu. Miye nikasema, Chanda ni bibi yangu, muke wangu, kambo yake ni kambo yangu. Nikatia jina. Haikuwa bo ba kanisa, ni miye."

Wewe binti unayesoma, shika hapa. Mwanaume anayekuuliza umri wako, mjibu. Anayeuliza kwenu, mpeleke. Ila akianza kukuuliza majina ya wafu wenu, na mwaka, na kijiji, kwa sauti tamu, jioni, simama kwanza umuulize ni ya kazi gani. Chanda hakuuliza. Nani anauliza, akiwa amelaza kichwa kwenye bega?

"Nani alishuka mu mayi?" Chanda alisema. Masikio yake yalikuwa yamejaa kabisa sasa. Aliisikia sauti yake chini ya chini.

"Keren. Musichana wa kwetu, wa chorale. Alikuwa mahali ya kambo. Beseni iko kubwa, inabebwa na bang'ombe ba sanamu. Mayi iko ya moto, haiko baridi, naapa. Nilimushika mukono, nikamuzamisha, nikamutosha inje. Ni kintu ya nukta kidogo."

"We njo ulimuzamisha?"

"Miye."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Na ulisema nini? Mbele ya kumuzamisha. Sema vile ulisema."

"Chanda, haya ni maneno ya..."

"Sema vile ulisema!"

Mtu wa meza ya mbali hakugeuka. Hakuna aliyegeuka.

"Nilisema ninamubatiza kwa ajili ya..." Ruben alikwama. Aliona mwenyewe, wakati maneno yakiwa bado mdomoni, kile alichofanya. Kwa watu wa Kasai jina la mufu hupewa mtoto pia, alipaswa kujua. Alijua. Ila siku ile alifikiri makaratasi, hakufikiri mtu.

"Kwa ajili ya nani, Ruben?"

"Chanda Marthe," alisema kwa sauti ndogo. "Ambaye amekufa."

Maji ya Karavia hayakutikisika. Chanda aliangalia chini, akaona kwamba upindo wa pagne yake unadondosha, tone, tone, na vumbi chini ya kiti limekuwa tope.

"Jina ni moja," alisema. "Hakuna Chanda Marthe mwingine juu ya dunia. Miye njo yee. Na weye, mwenye kunipenda, ulisimama mu mayi, ukanitamka, ukasema nilikufaka."

"Nilisema kambo!"

"Hatuko babili! Baba yangu ananiita nani asubui? Ananiita mama. Lelo hakuniita. Hakuniona, Ruben. Weye mwenyewe haukuniona."

Ruben alipiga magoti pale kwenye vumbi, akakumbatia miguu yake. Ilikuwa imelowa na baridi mpaka mifupani. Alilia bila kuona haya. "Niambie nifanye nini. Kila kintu. Nitaenda kwa mzee Chishimba nilale chini. Nitalipa mbuzi. Nitarudia Kinshasa."

"Hapana Kinshasa." Chanda akainama, akashika uso wake kwa mikono miwili. Alikuwa amefikiri jambo, na tumaini lilimtetemesha sauti. "Sikiya. Kama ile kitabu ni ya kweli, ile maneno yako iko na nguvu, basi mi nimeisha. Lakini kama ni bongo, ule malaika haikuwa, sahani haikuwa, basi Jumamosi hakuna kintu ilipita. Musichana aliloa nywele, basi. Niko muzima. Unaona? Sema ni bongo. Uliuliza maswali yote peke yako, unajua majibu. Uiseme kwa mudomo ile ile uliyosema nilikufaka."

Ruben alimtazama. Aliona macho yale aliyoyapenda tangu siku ya kwanza, alipomletea simu iliyoanguka ndani ya ndoo, na ndani ya macho hayo aliona anachoombwa. Akisema ni uongo, mama yake anafunga mlango upande ule na hatamwona tena. Asiposema, huyu hapa anamtoka mikononi.

"Mama yangu," alinong'ona.

"Najua, chéri. Najua."

Ruben akaweka mikono yake juu ya ile mikono ya baridi iliyomshika uso.

"Ni bongo," Ruben akasema.

"Kwa nguvu."

"Ni bongo! Sahani haikukuwako. Malaika hakurudisha kintu, sababu hakuna kintu aliletaka. Ni mutu alitunga, na uso mu chapeau. Na mama yangu..." Akalimaliza neno. "Mama yangu alikufa tu."

Alibaki amepiga magoti, kinywa wazi, kama mtu aliyetapika kitu kikubwa. Chanda alifumba macho, akangoja masikio yafunguke. Alingoja joto liingie kutoka vidoleni. Alingoja sauti za watu, redio ya jikoni, magari ya barabarani.

Tone. Tone.

"Sema tena," akasema.

"Ni bongo, Chanda. Ni bongo. Ni bongo."

Haikubadilika kitu. Na hapo Chanda akafahamu jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu isipokuwa mama yake: labda kitabu ni uongo kutoka jani la kwanza mpaka la mwisho, labda si uongo, kitabu hakina kazi hapa. Hakuna kitabu kilichomshika chini ya maji. Ni mdomo wa mwanaume aliyempenda. Ule haukuhitaji malaika wala zahabu.

"Haitoshe," alisema.

"Basi nakuita!" Ruben alisimama kwa nguvu, macho mekundu, kiti kikaanguka. "Nilikusema umekufa, sasa nakuita na uzima! Chanda! Chanda Marthe!"

Chanda alilisikia jina. Alilisikia kama unavyosikia jina la jirani likiitwa ng'ambo ya barabara. Hakusikia hamu ya kuitika.

"Mukwai!"

Sauti ilitoka kwenye ukingo wa maji. Ndivyo wanawake wa vijiji vya Lukafu wanavyoitika wakiitwa na watoto wa watu, kwa heshima na kwa kuvuta. Wote wawili wakageuka. Mwanamke mzee alikuwa ameinama pale kati ya nyasi ndefu, kama anachuma mboga za lengalenga, na sasa alikuwa ananyoosha mgongo, mkono kiunoni. Nguo yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani. Mng'ao wa maji nyuma yake ulificha uso. Pengine alikuwa mama wa kawaida tu, mwenye jina la kawaida. Akina Chanda ni wengi Katanga. Alisimama tu, ameinamisha kichwa upande, akingoja aambiwe alichoitiwa.

Ruben akaishika meza kwa mikono miwili.

"Muitikie," Chanda alimwambia, bila hasira. Alishusha sauti kabisa, akamgusa shavu kwa mara ya mwisho. "Njo yee uliita. Hapana kumuacha mutu mukubwa anasimama."

Akachukua mkoba wake. Alipita kati ya meza, karibu kabisa na yule mhudumu aliyebeba sinia, na mhudumu hakupisha. Nyuma yake, kwenye vumbi, nyayo zake zilibaki nyeusi za maji.

Ruben alimkimbilia mpaka mwisho wa meza. Kule kwenye nyasi, yule mwanamke alikuwa bado anangoja. Mbele yake, mgongo wa msichana aliyempenda ulikuwa unafika barabarani, unaanza kufifia kwenye mwanga. Alifungua mdomo amwite asimame, na jina la kumwitia lilikuwa lile lile moja.

Akaufunga mdomo. Aliogopa nani angegeuka.